Kitambi Changu na Njia ya Kwenda kwa Mama

Jumapili. Hapa Kihonda jua linawaka bila huruma, lakini kule mbele milima imejifunga mawingu mpaka kiunoni.

Mimi ni mtu wa bahati, shajara yangu ya mtandaoni, liweke hilo. Wapo wenye maghorofa waliomzika mama kwenye simu, wako Ulaya huko wanalilia kioo. Wapo waliofika kaburi limeshafukiwa. Mimi wangu nimemzika kwa mikono hii. Nimeshuka kaburini, nimempokea, nimemlaza ubavu wa kulia akaelekea kibla. Wangapi wanajaliwa hilo? Wanaokuja kunipa pole wote wananiambia, Saidi, hapo Mungu amekupendelea. Nami natikisa kichwa kama mnyenyekevu, kitu ambacho sijawahi kuwa.

Haya, tuanze mwanzo.

Kwa asiyenijua, nimeendesha malori nusu ya maisha yangu. Nimelala Lubumbashi, nimegombana Lusaka, pale Tunduma kuna mama ntilie akisikia honi yangu anaongeza mchele sufuriani. Shule niliiacha njiani, lakini jiografia niulize mimi. Kitambi changu ni cha kimataifa, kila nchi imekichangia.

Mama alikuwa anaishi juu milimani, kwenye ardhi ya ukoo, mahali ambapo barabara inaishia chini na miguu inachukua zamu. Zamani nilikuwa napanda huku naimba. Baadaye nikawa napanda huku napumzika. Mwisho nikawa sipandi kabisa, natuma sukari na khanga na salamu nyingi. Mtu aliyevuka mipaka yote hiyo, kwa mama yake hafiki.

Na yeye jibu lake lilikuwa moja, akimtuma binamu yangu Hamisi anayeishi naye kule juu. Mwambie vitu ninavyo, nataka nimwone yeye.

Ndiyo maana mwaka mpya niliapa. Wengine wanapunguza mwili wapate kuenea kwenye suti ya harusi. Mimi nilitaka nipande nimwamkie mama mlangoni kwake, kwa miguu yangu. Nikatangaza humu ndani, mkashangilia nyote mnaonisoma.

Wiki ya kwanza nilikuwa mwanajeshi. Maji moto na limao alfajiri, matembezi mpaka barabara ya Dodoma, ugali wa saizi ya ngumi ya mtoto. Wiki ya pili jirani akaleta sahani ya wali wa Dakawa, mchele mpya, umeungwa nazi, harufu inakuita kwa jina la baba yako. Nami nimelelewa vizuri, chakula cha jirani hakirudishwi. Tangu hapo kila siku nikawa na jirani.

Lakini humu niliendelea kuandika kwamba nayeyuka. Ile picha mliyoisifia, niliyosimama upande upande, nilivuta tumbo ndani mpaka nikaona nyota mchana.

Sifa ni tamu kuliko wali.

Siku moja nikapiga simu ya Hamisi, nikaomba mama apewe. Nilikuwa nimeshazoea kujisifu, mdomo ukaenda wenyewe.

"Shikamoo mama. Nimekonda huku, ukiniona hutanijua. Suruali zote zinanidondoka."

Akaniita jina mara mbili. Nikadhani mtandao.

"Unakula, mwanangu?"

"Sili, mama. Najinyima."

Nilicheka mwenyewe. Yeye hakucheka. Akaniuliza nalala vipi, kama nakohoa, kama nimekwenda hospitali. Nikamwambia asijali, ni mambo ya mjini haya, watu wanakonda kwa kupenda. Sasa mweleze mtu wa kule juu, aliyepanda na kushuka na mzigo kichwani maisha yake yote, kwamba kuna mtu ana chakula ndani na amekataa kula ili akonde. Kwetu mtu akikonda ni ugonjwa au ni msiba. Cha tatu hakuna.

Kesho yake akashuka.

Hakumwambia mtu. Hamisi alipoamka alikuta mlango umeegeshwa. Mama alibeba magimbi kwenye furushi na kuku mmoja kwapani, akaja kumlisha mwanawe mgonjwa. Mvua ilimkuta njiani, akalowana mpaka mifupa. Akafika Kihonda jioni, anatetemeka, kuku naye anatetemeka.

Akanikuta nimekaa kwenye mkeka, sinia liko mbele yangu.

Sijui kama ninaweza kuieleza ile sura. Alisimama mlangoni akaniangalia tumbo, mashavu, shingo. Akaja akanishika mkono juu ya kiwiko akaubinya, kama mtu anayenunua mbuzi. Halafu akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani nakuja kukuzika."

Hakuniuliza kwa nini nilidanganya. Alikaa, akavuta sinia, tukala wote. Katika dunia hii nzima ni yeye peke yake aliyefurahi kukiona kitambi hiki.

Usiku huo huo kifua kikambana. Tukampeleka hospitali, wakasema mapafu, wakampa dawa na hewa ya mtungi. Nilikaa pale pembeni ya kitanda kama gunia. Alikuwa ananiambia maneno madogo madogo, kuku asichinjwe, anataga. Magimbi yasikae, yataoza. Halafu akasema akifa arudishwe juu, kwenye ardhi ya mama zake, asiachwe huku bondeni kwenye vumbi.

Nikamwambia, "Nitakupandisha mwenyewe, mama."

Akanitazama, akatabasamu kidogo. Nadhani alikuwa anapima hilo tumbo na ile njia.

Alfajiri ya Ijumaa alituacha.

Watu wakajaa kwangu. Mjomba Athumani, kaka yake mama, alishuka na vijana wa ukoo kuja kumchukua. Alishika kila kitu yeye, kama inavyotakiwa kwetu, maana mtoto wa Mluguru ni wa mjomba. Na watani wetu wa Kinyamwezi hawakukosa. Mmoja akajilaza mlangoni na kusema maiti haitoki mpaka alipwe kuku wa marehemu. Mwingine akazunguka jeneza, akaniangalia mimi, akaliangalia jeneza tena.

"Mama ni mwepesi, wanne wanatosha. Mwanawe huyu nani atambeba? Leteni trekta."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Ndiyo kazi ya mtani, kukuchekesha siku ambayo huwezi kucheka. Sikumkasirikia. Alikuwa amesema kweli.

Gari lilitufikisha mwisho wa barabara. Nikashika mkono wa mbele wa jeneza, kulia. Nilikataa kupokewa. Tukaanza kupanda, dhikiri inakwenda, vijana wanapokezana, na mimi nasema bado, bado, niacheni.

Hapa ndipo ninapoachaga nikiwasimulia wageni. Nasema tulimpandisha, basi, na wao wanajaza wenyewe.

Ukweli ni kwamba hata mashamba ya ndizi ya kwanza hatukuyamaliza. Magoti yalianza kutikisika, jeneza likaegemea upande wangu. Mama yangu alikuwa anateleza kwa sababu yangu. Kijana mmoja akaingiza bega lake chini ya mkono wangu bila kusema kitu, na mimi nikaachia. Nikafuata nyuma. Halafu nyuma zaidi. Halafu nikawa naiona tu ile khanga iliyofunika jeneza ikipinda kona juu yangu, kisha sikuiona tena, nikabaki na sauti zao.

Nikakaa chini. Mtani yule yule wa trekta alirudi kunivuta mkono, na safari hii hakutania. Nikasimama, nikapanda kidogo, nikakaa tena. Kifua kinawaka, macho yanaona giza. Nikamwambia aende, atakosa maziko bure.

Mawingu yalikuwa yameshuka. Wakasimama kule juu wakiningoja, nimekuja kuambiwa baadaye. Mjomba aliwazuia watu kaburi likiwa wazi, akatuma mtu kuchungulia kama naja. Halafu mvua ikaanza kuingia ndani ya kaburi. Mjomba, mzee yule na fimbo yake, akaiweka fimbo chini akashuka mwenyewe kumpokea dada yake.

Mimi nilisikia tu watu wakiitikia amina.

Walipokuwa wanarudi wakanikuta pale pale, nimelowa. Vijana walipita wakanipa mkono wa pole, macho yao yako pembeni. Mjomba akakaa karibu nami, udongo umemganda mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia shikamoo.

"Marahaba, mpwa wangu," akasema. "Tulikungoja. Mvua ndiyo haikukungoja."

Akakwangua udongo wa viwikoni. Halafu akaniambia arobaini ya mama itasomwa kule juu, na mimi nitakuwepo. Nikitaka kutumia siku mbili njiani nitumie, wapo ndugu, nitalala kwao, lakini nitafika.

Nimemwitikia. Leo asubuhi nimetembea mpaka barabara ya Dodoma na kurudi. Sikupiga picha. Magimbi ya mama yako jikoni bado, sijui nitayala au nitayapanda. Kila nikiyaangalia nasikia lile swali lake la kwenye simu, unakula, mwanangu, na nikila naona haya na nisipokula naona haya vile vile.

Wageni wengine watakuja alasiri. Nitawaambia ukweli wao pia, lakini nimeanza na nyinyi kwa kuwa nyinyi ndio niliowadanganya kwanza.

Ile bahati niliyojisifia pale mwanzo ifuteni. Sikushuka kaburini. Hata udongo sikuushika. Mama yangu alizikwa na watu wengine, na mimi nilikuwa nimekaa njiani, nahema.