Mke Mwenza wa Kilwa

Kilwa Kisiwani,
nyumbani kwa Bi Mwanahamisi,
Jumatano mchana

Mpendwa dada yangu Notburga,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada, na shikamoo nyingine umpelekee mama hapo jikoni alipo. Huko Matiri hamjambo? Kifua cha mama kimetulia, au bado anakohoa kila ukungu unaposhuka? Shemeji Placidi namsalimia sana, na watoto wote pia, ila yule aliyenitobolea sufuria nitamsalimu nikifika. Mimi mwili ni mzima. Habari za roho ndizo zilizonikalisha chini niandike.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Dada, wewe simu unaiweka sauti ya nje, na jumuiya nzima inanisikia kabla hujaitikia. Haya ni ya macho yako peke yako. Nimeomba karatasi kwa mwenyeji wetu, na barua yenyewe atakuletea shemeji yako Baltazar bila kujua kilichomo. Bahasha nimeibandika vizuri, kwa hiyo ukiikuta imefunguliwa niambie.

Wewe ulikuwepo nilipoolewa, unajua nilichoolewa nacho. Baltazar alikuja kunichumbia akitokea huku Kilwa, alikokaa miaka sita. Alianza kama fundi mwashi wa watu waliokuwa wanakarabati magofu, akaishia kuwa mtembeza wageni. Tangu siku ya harusi Kilwa inakula nasi meza moja. Nikipika samaki mbasa wa Mbamba Bay, anasema changu wa Kilwa ana utamu wake. Nikipaka ukuta udongo mweupe, anasema chokaa ya matumbawe ndiyo chokaa. Mvua ikishika wiki nzima, anakaa mlangoni anashusha pumzi, anasema kule kisiwani jua halinuni. Umemsikia mwenyewe anavyolitamka lile gofu la Husuni Kubwa, taratibu, kama mtu anayetaja jina la mpenzi. Sikuwahi kukuambia, lakini kila alipotamka hivyo nilikuwa naungua. Nilisema moyoni kwamba mwanaume hawezi kuugua kwa ajili ya kuta. Hapo pana mwanamke.

Kwa hiyo tulipouza kahawa mwaka huu na Baltazar akauliza tupumzike wapi, nikasema Kilwa. Alifurahi mpaka akanishika mkono mbele za watu, akidhani namfanyia hisani. Mimi nilikuwa nakuja kumwona mke mwenzangu kwa macho yangu. Nilishona vitenge viwili vipya na kusuka nywele, maana kwa mke mwenza huendi ovyo ovyo.

Safari ni ndefu dada, kiuno changu bado kinalalamika. Tulilala Songea, tukapita Tunduru na Masasi, tukaibukia Lindi, na njia nzima Baltazar alimwambia kila aliyekaa karibu naye kwamba anarudi Kilwa. Anarudi, hakusema anakwenda. Tulipofika Kilwa Masoko tukachukua kibali cha kuzuru kwenye ofisi ya mambo ya kale, tukavuka kwa boti ya injini. Kabla hatujakanyaga mchanga, watu ufukweni walishaanza kumwita. Wazee wakamkumbatia, akina mama wakamuuliza alikuwa amepotelea wapi. Na yeye Kiswahili kikambadilika mdomoni hapo hapo, akaanza kuvuta maneno kama amezaliwa hapa. Mimi nilisimama na begi langu. Baadaye sana ndipo alipokumbuka kusema kwamba huyu ni mke wake.

Siku iliyofuata alinitembeza, na wageni wengine wanne wakajiunga nasi baada ya kumsikia anavyoeleza. Nitakuambia kweli, pazuri. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana nilikuja nimejiandaa kudharau. Pana Gereza, ngome yenye mlango wa mbao unaotazama maji, ambayo mawimbi yanaila pole pole. Pana Msikiti Mkuu, nguzo na nguzo na makuba juu yake, ukisimama katikati unaona matao yanakwenda mpaka macho yanachoka. Baltazar aliifuata nguzo moja aliyoikarabati mwenyewe akaipapasa. Dada, aliipapasa. Nilitazama pembeni.

Kisha akawasimulia wageni habari ya kisiwa kununuliwa. Wanasema sultani wa kwanza alikuja kwa jahazi, akamkuta mwenyewe wa kisiwa, wakakubaliana bei, na bei ilikuwa kitambaa cha kuzunguka kisiwa chote. Kitambaa kikatandikwa, kisiwa kikazungukwa, akapewa. Wageni wakapiga makofi. Mimi nikaikumbuka mahari yangu, mbuzi na jembe na blanketi la mama, nikaona kwamba kwangu hakuna aliyejisumbua kuzungushia kitambaa hata jiko.

Tulimalizia Husuni Kubwa, jumba la masultani juu ya genge, na bahari chini yake. Ndani kuna birika la kuogea lenye pande nane, limechongwa mpaka ungetamani kuingia na nguo zako.  Baltazar aliyeongea asubuhi nzima bila kumeza mate akasimama pale ukingoni ametazama mbali. Nikamuuliza anawaza nini, akasema hamna kitu. Nikauchukia huo mji kwa moyo wangu wote. Kuta tupu, paa kwa shida, masultani wake wamekufa mamia ya miaka, na bado unanishinda mimi niliye hai na nimevaa kitenge kipya.

Sasa nikuambie kuhusu Mwanahamisi, mwenye nyumba tuliyofikia. Ni mjane, umri wake haupishani sana na wako, na ni mzuri dada, sitaki kusema uongo. Zamani alikuwa anawapikia mafundi wa magofu, sasa anapikia wageni. Jioni ya kwanza alitupa wali wa nazi na samaki, akaweka pilipili kwangu na kwa wengine, ya Baltazar akaiacha. Hakumuuliza. Alijua kwamba hali pilipili, na nimekaa na mtu huyo ndoa nzima nikidhani ni siri yangu. Nilijisemea nimempata. Nilisali rozari siku hiyo nimekasirika, sijui kama ilipokelewa.

Jana Baltazar aliondoka na wageni kwenda Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu mengine, nikabaki na huyo mama. Alinipa nazi nimsaidie kukuna. Mbuzi ya nazi sijaizoea, nikajikwaruza kidole, na maumivu yale yakanipa ujasiri. Nilimuuliza waziwazi kulikuwa na nini kati yake na mume wangu.

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akafuta mikono, akaniambia nimfuate nyuma ya nyumba kuna kitu nikione. Tukapita kwenye mihogo, akasogeza majani kwa mguu. Dada, niliona ngoro! Ngoro zetu za Umatengoni, mashimo ya kulimia kwa safu na matuta yake ya mraba, zimeota nyasi na zimejaa mchanga, lakini huwezi kukosea. Zimechimbwa kwenye tambarare! Mtoto wa darasa la pili Matiri anajua kwamba ngoro ni ya mteremko, ni ya kuzuia mvua isibebe mlima. Hapa hakuna mlima, mvua ikinyesha maji yanazama palepale.

Nikauliza nani alifanya ujinga huu, naye akasema mume wako. Akaeleza kwamba Baltazar alifyeka nyasi, akazipanga mirabamiraba, kisha akashika jembe akachimba peke yake, akapanda maharage, yakanyauka yote. Kisiwa kizima kilikuja kutazama. Na wewe unajua kwetu mwanaume anafyeka na kupanga nyasi, kuchimba ni kazi ya wanawake. Mimi hajawahi kunichimbia ngoro hata moja. Nilisimama pale nikaanza kulia kwa wivu, nikasema kumbe hata ngoro alikuchimbia wewe.

Mwanahamisi akanishika bega. Akasema hakunichimbia mimi, mama, alichimba kwa sababu alikuwa anaumwa na hamu ya kwao. Akaniambia kwamba kwa miaka sita Baltazar aliwachosha na habari za kwetu Mbinga. Wakila changu, anasema hamjaonja mbasa wa ziwani. Jua likiwaka, anasema kwao kuna ukungu unaolala juu ya kahawa mpaka saa nne asubuhi. Hata pale Husuni Kubwa, kwenye lile birika, aliwaambia wageni kwamba hilo ni shimo moja tu, kwao kina mama huchimba mlima mzima. Watu walimpa jina la Bwana Milima. Kisha Mwanahamisi akanitazama usoni akasema yeye alimtaka. Alimtaka kweli, na alimngoja aseme neno, lakini kila jioni aliposogeza kigoda karibu, Baltazar alianza kumhadithia Matiri. Akasema ile milima yenu niliionea wivu mpaka siku anaondoka.

Tulikaa chini sote wawili pembeni ya zile ngoro, na nazi zikabaki ndani hazijakunwa.

Ungedhani nilipona hapo. Hata mimi nilidhani. Lakini usingizi ulinikataa, nikawa nayapanga maneno yale, na nilipoyapanga nikaona jambo. Milima aliitamani alipokuwa mbali nayo. Aliporudi kwenye milima, akaanza kuitamani Kilwa. Mume wangu anapenda kwa mbali, dada. Kilicho karibu anakila, anakivaa, anakilalia, hakitaji. Na mimi tangu tuoane nilikuwa wapi? Karibu. Ukitoa siku za misiba, sijawahi kulala mbali naye. Hajapata siku ya kukaa mlangoni ashushe pumzi kwa ajili yangu, maana muda wote nilikuwa nyuma yake nachochea moto.

Nimekuwa naionea wivu Kilwa, sasa naionea wivu mpaka milima yetu wenyewe. Nimechoka. Nataka na mimi nitamaniwe, hata kwa mwezi mmoja, kabla sijawa bibi wa watu.

Ndiyo maana umemwona shemeji yako amekuletea barua hii akiwa peke yake. Mimi nimebaki. Mwanahamisi anamwoza binti yake mwezi ujao, akanialika, na hiyo ndiyo sababu niliyompa Baltazar. Alibisha kidogo, akauliza nani atampikia. Nikamwambia atajua mwenyewe. Mwanahamisi ananifundisha kukuna nazi, mimi nampa habari za ukungu, na tunaelewana kuliko nilivyotegemea.

Ninachokuomba dada ni kimoja. Usimpelekee chakula, usimtumie watoto wakamchotee maji. Jioni pita kwake kama unakwenda dukani, ukae kidogo, umwache aongee. Kila atakachosema kunihusu kiandike jinsi alivyokisema, hata kama ni ugali wangu tu. Na kama wiki ikapita anaisifia bado Kilwa na mimi hajanitaja, usinifiche kwa kunihurumia. Niambie, nijue nimeolewa na nani.

Msalimie mama, mwambie mwanae hajapotea. Wasalimie jumuiya, waambie Misa navuka kwenda Masoko. Mwanahamisi naye anakusalimu ingawa hamjuani. Mungu akulinde mpaka tutakapoonana, siku ambayo sijaipanga bado, na Baltazar akiuliza ni lini, mwambie sikuandika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ephrasia