Kerubo Asinisubiri

Mama yangu mpendwa,

Natumaini karatasi hii inakukuta umesimama, na kwamba goti limekuacha upumue. Nasikia bado unapanda shamba la juu kuchuma chai na goti hilo hilo. Haya, mimi ninyamaze. Mimi ni mzima, ni mwili tu umechoka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "sawa, sawa" halafu unakata kabla sijamaliza.

Mama, ile ruhusa ya kuja nyumbani Kerubo mke wangu akijifungua, sijapata. Dereva mwenzangu alihamishwa, na ambulensi ya hiki kituo cha afya imebaki na mimi peke yangu. Nimemwendea Sista Chebet, msimamizi wetu, mara tatu. Si mtu mbaya, lakini alinijibu, "Omwenga, wewe ukienda, hiyo gari inakuwa kibanda ya kuku." Siwezi hata kwenda kanisani bila kuacha neno niko wapi. Keroka si mbali, nikitoka hapa alfajiri, saa nne niko kwako, lakini ni kama nimefungwa kamba mguuni. Nimechoka, Mama, na nina hasira.

Sasa sikia ya Jumanne. Tulikuwa tunampeleka mwanamke mmoja hospitali ya Longisa, uchungu umemshika vibaya, nesi yuko naye nyuma, mume wake ameketi mbele na mimi. Tukafika kituo cha kununulia chai. Uwanja ulikuwa matope matupu, kwa hivyo wakulima walikuwa wamepanga vikapu barabarani, kila kikapu kimeshika nafasi ya mwenyewe, na wao wamejikinga mvua kwenye duka kule chini. Unajua hiyo sheria, hata kwetu iko: kikapu cha mtu hakiguswi. Nikapiga king'ora, nikamwambia yule mume tushuke tuvisogeze. Akashuka, akasimama mbele ya vikapu, mikono nyuma.

"Ngoja wenyewe waje," akaniambia. "Hawa ni majirani."

Mke wake analia ndani ya gari, Mama, na yeye anaogopa kuharibu foleni. Nilivibeba mwenyewe nikavitupa kando, vingine vikamwagika. Wakaja wakanitukana kwa Kikipsigis, na mengine niliyaelewa. Mtoto alizaliwa kabla hatujafika, akiwa kimya, nesi akamhangaikia mpaka nikasikia kilio. Wako salama wote wawili.

Nilimlaumu yule bwana siku mbili nzima. Siku ya tatu nikajiuliza na mimi nafanya nini, kama si kungoja foleni ya ruhusa huku siku za Kerubo zinaisha. Aibu ikanishika.

Kwa hivyo asinisubiri. Mwambie afunge nguo zake wiki hii, umpeleke kwa shangazi pale mjini, karibu na hospitali, akae huko mpaka ajifungue. Najua utauliza ng'ombe atakamuliwa na nani. Mogaka ndugu yangu atamkamua, huyo amezidi kulala.

Nisalimie baba mdogo na magoti ya mama mkubwa, maana naye nasikia analalamika. Nisalimie Kerubo mwenyewe, ambaye siku hizi hataki kushika simu yangu, na ana haki.

Wake za watu nawabeba mimi. Wangu, Mama, naomba umbebe wewe.

Ni mimi mwanao,
Omwenga