Nguvu Iliyobaki Njiani

Migori,
Jumatano.

Kwa kaka yangu Oliver, Rodi Kopany,

Nakusalimu, nikitumaini wewe, wifi Edith na watoto mko wazima. Sisi tuko salama, ila Joyline anaota meno na mimi usingizi nausikia kwa majirani tu. Nimeandika kwa sababu simu za nyumba hii hupokei tena, na sikulaumu. Mtu akuite mwizi mbele ya wateja wako, utapokea simu yake ya nini?

Kaka, baba Joyline amenichosha. Tangu apeleke pikapu Homa Bay kwa ile mashine ya rola ya kupima nguvu ya gari, hana wimbo mwingine. Mashine ilisoma nguvu za farasi sitini na nane. Wewe ulimwambia injini uliyomfungia ni ya mia moja, basi kwake umemuuzia chuma chakavu. Nikamwambia mashine imepima kwenye magurudumu, si kwenye injini. Giaboksi, propela na difu, zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, zote hula chao njiani. Akasema nirudi jikoni. Nikarudi, na huko huko nikamuuliza kama akipima unga uliotoka posho mill atasema ndiyo mahindi aliyopeleka.

Jumatatu akaja na kalamu. Mwenye mashine alimwambia gari kama letu hupoteza kama asilimia kumi na tano. Basi akachukua kumi na tano ya sitini na nane, akajumlisha, akapata sabini na nane. Nikasema hapana, kilichopotea kilitoka kwa nguvu ya injini, kwa hiyo ile sitini na nane ni themanini na tano kwa mia tu ya nguvu hiyo. Gawanya, usijumlishe. Inakuja themanini. Akacheka, akaniita mwalimu, akasema hata themanini si mia. Sasa ameapa Jumamosi anaing'oa injini akurudishie, na ushemeji uishe.

Hapo nilimchukua Joyline nikatoka nje, kaka, lakini si kwa kushindwa. Ishirini iliyobaki najua ilikopotelea. Kabla ya kipimo, Joyline alishikwa na homa nikiwa peke yangu. Nilimkimbiza hospitali na pikapu niliyokatazwa kugusa, breki ya mkono ikiwa juu njia nzima. Harufu ya kuungua niliisikia. Jumapili, gari liliporudi tu kutoka barabarani, nilimwaga maji ya nepi yakagusa gurudumu la nyuma, likalia tsss kama kikaango. Breki imekwama, inashika hata ikishushwa. Injini yako ilipimwa ikikokota kosa langu. Siku tatu nimekuacha utukanwe, nikibishana asilimia badala ya kusema neno moja.

Leo akishakula namwambia mwenyewe. Wewe njoo Jumamosi mapema na jeki, uinue gurudumu alizungushe kwa mkono wake aone. Akiomba msamaha, mpokee, usimcheleweshe. Akikataa, huyo niachie mimi.

Nibusie watoto, na Edith mwambie kitenge chake ninacho. Ila ukifika usianze na breki. Nigombeze mimi kwanza, mbele yake, kwa zile siku tatu.

Dada yako mdogo,
Marcella