Nyaya Mbili Nyekundu

Ujiji, Jumapili asubuhi

Baba, shikamoo.

Pokea salamu za mwanao niliye huku mwisho wa njia. Mimi ni mzima, shule imefunguliwa na sauti imeshaanza kunikauka kwa kufundisha kidato cha pili. Wasiwasi wangu uko kwenu. Mguu wa Mama umepungua kuuma? Na wewe, kifua kimetulia licha ya vumbi la mtaa wetu wa Isevya? Ningeweza kupiga simu, lakini ukisikia jambo usilolipenda unampa Mama simu na kutoka nje. Barua nitaimaliza.

Nianze na safari. Uliniaga kwa maneno yaleyale, kwamba mababu zetu walikwenda Ujiji kwa miguu, mizigo kichwani, hivyo mimi mwenye magurudumu manne nisilalamike. Sikulalamika. Jua lilipozama nilikuwa nimeshapita Uvinza, nikawasha taa. Kila lori lililotoka mbele yangu likawa linawasha taa na kuzima. Nikajua madereva wananionya kuwa kuna trafiki mbele, kama ilivyo kawaida yetu barabarani. Nikapunguza mwendo, nikakaza mkanda, nikaandaa leseni na uso wa upole. Trafiki hakuonekana. Likaja lori jingine, taa tena, nikatambaa tena. Nilifika nyumbani nimechoka kwa kumheshimu askari ambaye hakuwepo.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, mwalimu mwenzangu wa jiografia, Mgogo na kwa hiyo mtani wetu. Kesho yake jioni aliniona naingiza gari uani. Akasema Wanyamwezi tumezoea kubeba mizigo tu, mambo ya taa tuwaachie wenyewe, kwa sababu taa yangu ya kushoto inatazama chini kwa adabu na ya kulia inamtoboa mtu macho. Nilimjibu kwamba taa hizo zimefungwa na baba yangu mzazi, fundi umeme wa magari aliyezeekea kazini, na kwamba akatafute kosa kwingine. Nilisema kwa kiburi, Baba.

Jumamosi nikatoa waya wa betri kama ulivyonifundisha, nikafungua boneti. Soketi mbili za taa ulizonibadilishia nilipokuja likizo, baada ya zile za zamani kuyeyuka, zilikuwa safi. Nikabandua tepu ya upande wa kulia. Chini yake nikaukuta uzi wako wa cherehani uliopakwa nta, umezungushwa kwa mpango, na risasi ya kuungia imeshika bila tone la ziada. Sijaona fundi mwingine anayefunga hivyo. Nikavuta, hakikutikisika kitu. Lakini waya wa gari, mwekundu wenye mstari mweupe, ulikuwa umeungwa na mwekundu wa soketi wenye mstari wa njano, na wa gari wenye njano umeungwa na wa soketi wenye mweupe. Mwanga wa mbali umekwenda mahali pa mwanga wa karibu. Siku ile tuliziwasha mchana, tukaona zote zinawaka, tukaridhika.

Nilikaa juu ya ndoo nikakumbuka. Ulipokuwa unafunga upande wa kushoto mimi ndiye niliyekushikia nyaya. Kila mmoja uliniuliza, "Huu rangi gani? Nakupima tu." Nikajibu huku nacheka, nikajiona tena mtoto wa darasa la nne unayempima rangi za nyaya barazani kwako. Kisha ukanituma dukani Kanyenye nikanunue tepu, na niliporudi upande wa kulia ulikuwa umeshaumaliza peke yako.

Hukuwa unanipima, Baba.

Mama, najua ni wewe unayesoma. Shikamoo, na tafadhali usiruke mstari.

Nimeumia. Taa ni kitu kidogo. Kinachoniuma ni kwamba umelibeba jambo hili kimya kimya, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni yako nacheka. Mikono yako haijazeeka hata kidogo, nimeiona kazi yake. Ni macho. Nimemuuliza daktari wa zahanati ya hapa, akasema inaweza kuwa mtoto wa jicho, na hilo hutibika, ila ni lazima upimwe kwanza. Fikiria lile basi la Igunga unalolitengenezea taa. Linajaa watu, na dereva wake hana jirani Mgogo wa kumsema.

Maungio yako sikuyakata. Nilichomoa pini mbili kwenye soketi kwa sindano, nikazibadilisha nafasi, basi. Sasa taa zote mbili zinatazama chini. Nitakuja likizo fupi ijayo twende hospitali pamoja. Ulinishika mkono kunipeleka darasa la kwanza na sikuona aibu.

Nisalimie mdogo wangu, kitinda mimba wetu, mwambie asome. Msalimie shangazi wa vitumbua, na jirani yetu fundi cherehani anayekugawia uzi.

Ndani ya bahasha nimeweka kipande cha waya wa soketi ya zamani nilichokikuta kwenye buti ya gari. Kipeleke mlangoni penye jua, ukitazame utakavyo. Mama asiseme neno. Kisha unipigie simu wewe mwenyewe.

Mstari wake rangi gani, Baba? Nakupima tu.

Mwanao akupendaye,
Zuwena