Themostati ya Gari Lako

S.L.P. 46,
9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Hujambo? Mgongo wako umepata nafuu? Sisi hatujambo. Mama anashona sare za shule mpaka kidole cha kati kimeota sugu.

Mjomba, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Gari ulilotuachia nimeliharibu mimi, na lawama amebeba rafiki yako Mzee Spana.

Mwezi wa nne injini ilichemka. Mzee Spana akasema themostati imekufa, yaani kile kidude kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto. Akanituma dukani nilete inayofunguka kwenye nyuzijoto themanini na nane.

Dukani kulikuwa pia na ya sabini na moja. Nikawaza kwa akili zangu za kitabu cha fizikia: injini imechemka, basi inayofunguka mapema ndiyo salama. Nikachukua hiyo. Mzee Spana alikuwa amelala chini ya gari. Akanyoosha mkono, akauliza, "Miwani, ndiyo niliyokwambia?" Nikajibu, "Ndiyo, mzee." Akaifunga.

Tangu hapo mshale wa joto haufiki katikati. Gari linakunywa petroli kupita kiasi, na chini ya kifuniko cha oili kuna utando mweupe kama povu la maziwa. Mama anawaambia wateja wake wa kushona, "Yule mzee macho yake yako likizo." Wawili wameshahamisha magari yao kutoka kwa Mzee Spana. Nilipopita gereji juzi nilimkuta amekaa juu ya tairi, hana kazi, na bado akaniuliza habari za masomo.

Jana nilipofika hapo katika barua hii niliweka kalamu chini, nikaenda kumwambia Mama. Alizima cherehani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Vaa viatu."

Gereji nilisema yote, ingawa sauti ilikuwa ndogo. Mama akamwomba radhi Mzee Spana. Yeye akasema, "Na mimi nilipaswa kuisoma namba yake. Macho ninayo." Kisha akabandika sufuria ya maji motoni, akatumbukiza ile yangu aliyoifungua garini na mpya ya themanini na nane. Yangu ilifunguka maji yakianza tu kutoa mvuke. Nyingine ilisubiri sana. "Injini nayo hutaka ipate joto lake ndipo ifanye kazi vizuri," akaniambia. "Uliionea huruma tu."

Tukabadilisha oili na themostati. Leo mshale umesimama katikati. Asubuhi nilikwenda na Mama kwa wale wateja wawili, nikawaeleza mwenyewe kwamba kosa lilikuwa langu. Mmoja amesharudisha gari lake.

Mama, bibi na mdogo wangu wanakusalimu. Mzee Spana anasema urudi mcheke pamoja tena. Mungu akulinde huko uliko.

Mpwa wako akupendaye na asiyekuficha tena,
Miwani