Tembe za Marion

Kware, Pipeline
Jumapili mchana

Kwa kaka yangu Patrobas,

Salamu kwako, kwa Mama Griffins na kwa wote hapo nyumbani. Natumaini kifua chako kimetulia na mvua imewafikia. Sisi huku Mungu ametushika. Marion anakula, na jana alinituma chapati akazirudisha kwamba ni ngumu, kwa hivyo jueni amepona vya kutosha kunisumbua.

Baada ya hayo, kaka, nimekasirika. Barua hii nimeirarua mara mbili kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Uliiandikia hospitali malalamiko kwa jina langu, ukasema yule muuguzi, Sista Wacera, alimtoa mtoto wodini bila kutueleza lolote. Sasa ameitwa mbele ya kamati Alhamisi, na nasikia huenda akafutwa kazi. Nani alikutuma? Nilipokupigia nikilia nilitaka kaka, sikutaka wakili.

Unajua Marion alipasuliwa goita, ule uvimbe wa tezi ya shingoni. Nyuma ya goita kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele, ndivyo hulinda kalsiamu kwenye damu. Upasuaji ukavishtua, vikalala, ndiyo akapewa tembe za kalsiamu mara tatu kwa siku mpaka viamke. Sisi hufikiri kalsiamu ni ya mifupa na meno. Kumbe mishipa ya fahamu haigusani. Kati ya mmoja na mwenzake kuna kijipengo, na ujumbe hauvuki mpaka kalsiamu iingie kwenye ncha ya mshipa iufungulie. Ndivyo mkono hutumwa. Hata akili ndivyo hushika jambo: njia inayopitwa tena na tena, kalsiamu huikaza. Lakini kalsiamu ya kwenye damu pia ndiyo breki ya mishipa; ikipungua, mishipa huanza kujituma yenyewe.

Wiki mbili baadaye tukaanza mfungo wa siku tatu hapa kwenye ploti, sisi wapangaji tunaoomba pamoja. Kawaida yetu, siku ya kwanza kila mtu huweka juu ya kitambaa cha maombi kitu anachokiegemea kuliko Mungu. Mmoja aliweka simu, mwingine sigara. Nabiswa, kiongozi wetu wa maombi, akaniangalia akasema, "Na wewe Mama Marion, hizo dawa umekumbatia kwa mkoba ni za kazi gani, kama kweli umeomba?" Watu wakacheka kidogo. Nikaziweka.

Siku ya pili Marion akaniambia, "Mathe, mdomo inadungadunga, na vidole zinajikunja zenyewe." Nabiswa akasema ni pepo anatoka. Kaka, mimi niliimba. Mtoto wangu anakunja vidole, mimi naimba.

Siku ya tatu Marion alikuwa kazini saluni, kule Donholm, akisuka. Mkono ukajifunga kwenye nywele za mteja, ukakataa kufunguka, kisha akaanguka akitetemeka mwili mzima. Hospitalini walimtia kalsiamu kwenye mshipa, polepole, na nikaona vile vidole vikifunguka kimoja baada ya kingine. Nabiswa akaja na chupa ya chai, akasema maombi yamejibiwa. Nilimwambia abebe chai yake aende, nikamuuliza ni pepo gani huyo anayetolewa kwa dripu. Sijaomba msamaha na bado siombi.

Lakini Nabiswa hakunishika mkono kunilazimisha. Marion alipouliza tembe ziko wapi, mimi ndiye nilimwambia daktari amepiga simu, amesema zatosha. Nilimdanganya mtoto wangu nikiwa nimefunga.

Na haya yote ya kalsiamu niliyokuandikia, unafikiri nilifunzwa na nani? Ni Wacera. Aliketi nasi kitandani siku ya kutoka baada ya upasuaji, akanichorea mishipa nyuma ya kadi ya hospitali, akaandika na maagizo chini yake, akakataa kutuachilia mpaka niseme bila kuangalia: usisimamishe hata siku moja, midomo ikifa ganzi mrudishe mara moja. Nilisema mara tatu. Kisha daktari alipouliza nani alisimamisha dawa, nikaona aibu, nikasema hatukuambiwa. Nikakuambia na wewe. Uliandika nilichokupa, na jina langu uliloweka ndilo la mwenye uongo huo. Hasira hii yote niliyokumwagia, inanistahili mimi.

Alhamisi usije, wala usiwalete wazee. Nitaingia kwa kamati peke yangu na ile kadi, nisome mwandiko wa Wacera mbele yao, niseme ni mimi. Wakitaka kunishtaki, wanishtaki.

Marion nimemwambia ukweli leo tulipotoka kanisani. Hakulia. Aliniuliza tembe mpya ziko wapi, nikampa. Sasa anaziweka chini ya mto wake, na akitaka kumeza hunipa mgongo.

Msalimie Mama Griffins, na mwambie Griffins asome. Niombee, kaka, kama bado unaweza kutaja jina langu katika maombi yako.

Ni mimi dada yako,
Beldina