Upande wa Kushoto wa Kasri

Mzee Odongo,

Nimechoka. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa simiti ulioganda, mbele ya nyumba yako hapa juu ya Luanda Kotieno, na magoti yananiuma vile yalivyokuwa yakikuuma wewe. Feri ya Mbita imeondoka sasa hivi. Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike, na nimekuja tena kutoka Kondele na mwiko wangu wa plasta kumalizia kazi uliyoniachia. Sijaimaliza. Nina jambo la kukwambia kuhusu hilo, na najua ungekuwa hai ungenigombeza mpaka jioni.

Nyumba haijambo. Upande wa kulia, ukitoka mlangoni, uko vile ulivyouacha. Zile nguzo zako bado zinawadanganya watu. Juzi alikuja mgeni wa Mama, mkeo, kutoka Sondu akagonga moja kwa ukucha, akauliza marumaru hii mliitoa wapi. Nikamwambia ni chokaa, gundi na rangi, na miaka ya mtu. Hakuniamini. Yule mbuta uliyemchora kwenye dari ya sebule, mwili kwa rangi na mkia kwa plasta iliyotokeza nje, bado ananing'inia. Watoto wa jirani wakipita chini yake wanainama. Mama anasema samaki huyo atamwangukia siku moja, lakini hataki mtu amguse.

Mzee, unakumbuka ulivyonipata? Nilikuwa nauza chai na mandazi kwa mafundi pale Kondele. Siku hiyo nilikuwa nakandika kibanda changu kwa udongo, kama tunavyofanya wanawake kwetu Bungoma, na wewe ukasimama na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. "Wewe Nekesa, mkono yako inajua ukuta. Wachana na hii chai." Wenzako walicheka. Mwanamke apande juu ya miti ya jukwaa apige plasta? Nilipanda. Wiki ya pili ukanionyesha kile kitabu chako cha picha za kasri.

Padre mmoja mzee alikupa ulipokuwa kijana, mkijenga kanisa lake. Kijerumani hukukijua hata neno moja, lakini picha ulizisoma mpaka kurasa zikalegea. Kasri la Baroki, ulikuwa ukiliita, kana kwamba Baroki ni mtu unayemfahamu, kumbe ni mtindo wa ujenzi wa Ulaya ya zamani. Padre alikusimulia kwamba lilijengwa na askofu aliyekuwa pia mtawala wa nchi yake, na kwamba askofu huyo alikufa kabla halijaisha, akaja mwingine, na baada yake mwingine. Baadaye likaungua katika vita. Mafundi wakapanda tena na picha za zamani mikononi, wakarudisha kila ua la plasta mahali pake. Nadhani uliwaonea wivu.

Mimi sikuelewa historia yote hiyo, lakini nilielewa uliponifundisha kwamba nyumba kama ile ina uso. Mlango ni pua, na kila jicho la upande huu lazima lipate mwenzake upande ule. Palipokuwa na chumba kisichotaka dirisha, wale mafundi walichora dirisha la uongo ukutani, fremu, vioo, hata kivuli, ili mradi pande mbili zilingane. Ukurasa huo ulikuwa umeshikwa sana hadi umekuwa mweusi. Ndiyo sababu nyumba yako uliipangia dirisha la uongo upande wa kushoto, kwa vile nyuma yake ni bafu. Ndugu yako Ochieng alisema umepata wazimu. Ukamwambia wazimu ni kuoga watu wakikuona.

Halafu ukaugua. Upande wa kulia ulikuwa umeisha, mpaka ule uso wa malaika juu ya dirisha, mwenye mashavu manene na pua pana. Ulisema malaika wa ziwani hawezi kuwa na pua ya Ulaya. Upande wa kushoto ulikuwa bado. Hospitalini, sauti ikiwa imebaki kidogo tu, ulinishika mkono ukasema, "Angalia mbele ya nyumba ikuwe sawa." Nikaahidi. Ningekataaje?

Sasa nikwambie aibu yangu. Asubuhi waliyokuja kuchimba kaburi, nilitangulia. Nilifunga kamba katikati ya mlango wako, nikaivuta moja kwa moja hadi uwanjani, nikapima na pimamaji, nikapiga kigingi. Nilijisemea, Mzee akilala katikati, pande zote mbili zitabaki sawa. Mambo yenu ya mazishi sikuyajua vizuri, na huzuni ilikuwa imenila akili. Ochieng alipoona kigingi mbele ya mlango alikifikia kabla hata ya kunisalimia. "Huyu mama anataka sisi turuke Mzee kila siku tukienda choo?" Watu walicheka, kwenye matanga yako, Mzee. Mimi nililia, si kidogo. Mwanamume wa hapa huzikwa mkono wa kulia wa nyumba yake, mkewe mkono wa kushoto, na huko kulia ndiko walikokuzika, chini ya malaika wako.

Kwa hiyo mbele ya nyumba hapakuwa sawa tena, na mimi nilikuwa nimeahidi. Nilienda kwa Mama jikoni kumwomba msamaha. Alikuwa anachambua dagaa wa omena, hakuinua hata macho. "Wacha kulia, Nekesa. Hiyo upande ya kushoto ni yangu. Nikikuja, itakuwa sawa." Akaendelea na omena zake.

Maneno hayo yamenikalia kifuani miezi mitano. Mzee, nimepiga plasta upande wa kushoto wote. Nimenyoosha kingo, nimechora dirisha la uongo na vioo vyake, hata pazia nimeliacha wazi kidogo kama ulivyotaka. Malaika nimemtengeneza kwa jipsamu kule Kondele. Nilitumia kalibu ya yule wako, kwa hiyo pua ni ileile. Nimekuja naye leo, amefungwa kwenye gunia, yuko hapa karibu na mguu wangu. Kumpandisha ni kazi ya asubuhi moja tu.

Sitampandisha. Nimepanda miti ya jukwaa mara mbili tangu asubuhi, na mara zote mbili nikiwa juu nilimwona Mama amekaa kwenye ngazi ya kushoto, anaota jua, miguu ameinyoosha kwenye nyasi palepale alipodai ni pake. Nikashuka. Nimechoka na kulinganisha vitu, Mzee. Maisha yangu yote na wewe nilitafuta pande mbili zifanane, na leo ninaogopa zitakapofanana.

Wewe mwenyewe ulinisimulia kwamba wale waliolianza kasri hawakuliona likiisha. Basi na wewe ujiunge nao, usinikasirikie. Malaika wako wa pili nitamrudisha Kondele na kumweka chini ya kitanda changu, akauke vizuri. Nitakuja kila mwezi nizibe nyufa, nizipake rangi nguzo zako, nimkaze mbuta asimwangukie mtu. Hilo nakuahidi. Ile ahadi ya kwanza nimeivunja, na nitaendelea kuivunja kwa kadiri Mungu atakavyonisaidia.

Pumzika, mwalimu wangu. Naacha kuandika, Mama ananiita. Anataka kujua nitamaliza lini, na mimi nitamjibu kama nilivyomjibu mwezi uliopita: bado, Mama. Bado sana.

Nekesa wako